Imigongo: mama na mtoto kwenye ubao mmoja

Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Rusumo kwenda Kigali hupita Nyakarimbi, wilayani Kirehe. Hapo huuzwa mbao zenye mistari iliyoinuka, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ni imigongo, sanaa ya samadi ya ng'ombe. Mgeni huinusa kwanza. Hainuki, kwani samadi huchanganywa na majivu.

Zamani ilipamba kuta za ndani, na binti aliirithi kwa mama yake. Mauaji ya kimbari ya 1994 nusura yaikate kamba hiyo. Wanawake walionusurika, wengine wajane, waliungana katika ushirika wakaanza upya. Kwa hiyo mtoto anayechovya kidole kwenye samadi hapaswi kufukuzwa.

Mama humpa kipande cha ubao, humchorea mistari kwa mkaa, naye huibandika samadi kwa vidole, tuta kando ya tuta. Ikikauka hulainishwa, kisha hupakwa rangi. Nyeupe na nyekundu hutoka kwenye udongo. Mistari ya mtoto hupinda, tena sana. Mama asiyeinyoosha humwona kesho yake amerudi mwenyewe, anadai samadi.