Muvi za Eastlands: soko lenye wahakiki wake

Filamu mpya ikitua Nairobi, hukumu ya kwanza hutolewa katika majumba ya sinema ya Westlands na ya Barabara ya Thika. Hukumu ya pili hutolewa Eastlands, katika mitaa ya mashariki mwa jiji kama Umoja, Kayole, Dandora na Kariobangi, nayo ndiyo huamua kama filamu hiyo itazungumzwa mtaani au itasahaulika. Huko anayeisema ni muuza muvi, mwenye kibanda cha video na DJ anayetafsiri. Hawa hula kwa maoni yao. Wakisifu filamu mbovu, wateja huhamia kwa jirani.

Biashara hii ina ngazi tatu. Ya juu ni jumba la sinema, ambako tiketi ni mamia kadhaa ya shilingi hata kabla ya nauli ya matatu. Mzazi wa Komarock mwenye watoto watatu akipiga hesabu hiyo, huona heri anunue unga. Ya pili ni duka la muvi. Ya tatu ni kibanda cha video, ambako kiti hupatikana kwa Sh20 au hata chini ya hapo.

Duka la muvi huwa chumba chembamba kando ya barabara: kompyuta moja, diski za nje zilizojaa, na mabango ya filamu yaliyobandikwa kutoka dari hadi sakafuni. Zamani mteja aliondoka na DVD ya Sh50. Siku hizi wengi huja na flashi wakajaziwa. Uhakiki hufanyika papo hapo kwenye kaunta. Mteja hana haja na jina la mwongozaji. Anauliza kama kuna mapigano, kama steringi, yaani shujaa, anakufa, kama picha ni safi au ilirekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi, na kama anaweza kuitazama sebuleni na mama mkwe. Muuzaji mzuri anajua nani hupenda Wahindi, nani hupenda Wakorea na nani hataki kusoma maandishi chini ya skrini. Jibu lake huwa fupi, na akikosea, mara nyingi humbadilishia mteja bila malipo.

Watengenezaji wetu wa filamu wanamfahamu mtu huyu. Katika Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, kijana Mwas anauza filamu za Kimarekani kijijini huku akiigiza vipande vyake ili kuwavuta wanunuzi. Joseph Wairimu, aliyecheza nafasi hiyo, alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban, na filamu ikawa ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar ya lugha za kigeni.

Mhakiki mwenye sauti kubwa kuliko wote ni DJ Afro. Kwa miaka mingi amechukua filamu za ngumi na bunduki pamoja na za Kihindi, akaweka juu yake masimulizi ya Kiswahili na Sheng. Hatafsiri neno kwa neno. Anaonya kabla adui hajatokea, anamcheka mwoga, anamsifu shujaa na kuharakisha panapochosha. Mtazamaji anapewa hadithi pamoja na maoni juu ya hadithi. Uganda wana ma-VJ kama VJ Jingo, na Tanzania walikuwa na Lufufu. Kote huko somo la kibiashara ni moja: filamu ya kigeni hupanda thamani ikisimuliwa na mtu wa nyumbani.

Kwa mwenye kibanda, mambo ni magumu zaidi. Ana kodi, tokeni za stima, leseni ya kaunti na leseni ya Bodi ya Kuainisha Filamu. Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura 222, inataka kila filamu inayoonyeshwa hadharani iwe imeainishwa, na bodi imekuwa ikivamia vibanda vinavyowaingiza watoto kwenye filamu za watu wazima. Hapo bodi ina haki kabisa. Vibanda vingi sasa hutegemea kandanda ya Uingereza wikendi, na filamu huziba pengo la siku za kazi. Machi 2020, serikali ilipopiga marufuku mikusanyiko kwa sababu ya corona, mapato hayo yalikatika ghafla.

Kisha kuna simu. Netflix iliwapa Wakenya wenye simu za Android kifurushi cha bure kuanzia Septemba 2021, ikakiondoa Novemba 2023. Hatua hiyo ilionyesha kwamba watazamaji wapo, ila bei ya kawaida pamoja na gharama ya bando haijashuka hadi kiwango cha mtaa.

Doa la biashara hii linajulikana: nakala nyingi hazina kibali. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 iko wazi, na anayeumia zaidi ni mtengenezaji wa Kenya. Hollywood itaishi bila Sh50 ya Dandora. Mwigizaji wa Buruburu huenda asiishi bila hiyo. Lakini misako pekee haijalimaliza tatizo, kwa sababu hakuna aliyeleta bidhaa halali kwa bei ileile na mahali palepale.

Riverwood, tasnia ya filamu iliyozaliwa River Road, Nairobi, ilionyesha njia. Vichekesho vya wachekeshaji Kihenjo na Machang'i viliuzwa kwa bei nafuu, katika lugha ya wateja, kupitia maduka ya kawaida. Mtindo huo unaweza kufufuliwa kwa njia za leo. Mtengenezaji ampe muuza muvi nakala halali na asilimia yake, malipo yapitie M-Pesa. Kibanda kilipe ada ndogo kwa kila onyesho. DJ apewe leseni ya kusimulia badala ya kufukuzwa. Na kabla ya uzinduzi wa Westlands, filamu ionyeshwe katika Ukumbi wa Kijamii wa Kaloleni, wauza muvi wakiwa kwenye viti vya mbele.

Wauzaji hawa wanajua kinachouzika kuliko idara yoyote ya masoko, kwa kuwa kila siku wanalipia makosa yao mfukoni. Mtayarishaji wa Kenya anayetaka kurudisha gharama zake aanze kwa kuwauliza wao, tena kabla hajaandika mswada.