Je, Wajua? Bati la Walikale na Rangi ya Gari

Je, wajua kwamba madini yanayochimbwa Walikale, Kivu Kaskazini, yana kazi hata katika rangi ya gari? Katika eneo la Bisie, huko Walikale, huchimbwa kasiteriti, jiwe zito linaloyeyushwa kupata bati. Mgodi wake wa kisasa ulianza uzalishaji mwaka 2019. Viwanda vya rangi hutumia kemikali zenye bati, kwa kiasi kidogo sana, ili rangi za poliurethani zikishachanganywa na dawa ya kukaza zigande upesi.

Unataka kupaka gari rangi nyumbani kwa mara ya kwanza? Chunga unyevu. Huko Kivu Kaskazini, milima ya Masisi ina baridi na ukungu; misitu ya Walikale ina joto na mvua nyingi. Asubuhi, bodi iliyopoa usiku hushika umande mwembamba usioonekana kwa macho. Ukipuliza rangi juu yake, itaota malengelenge, itapauka au itabanduka. Subiri jua litoke, piga msasa, futa vumbi na mafuta, kisha hakikisha bodi ina joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutokea.

Tahadhari: dawa nyingi za kukaza zina isosianati, zinazoweza kuleta pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake. Rangi za aina hiyo mwachie fundi mwenye vifaa kamili vya kujikinga. Tina, kimiminika cha kuzimulia rangi, nayo hushika moto haraka: iweke mbali na jiko la makaa na watoto.