Miji Hodari ya Kuiga

Somo lililogharimu roho nyingi kuliko yote ni la Hamburg, Ujerumani. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,600 mjini humo kwa wiki chache tu. Altona, mji jirani, ulipakana na Hamburg hata mpaka ukapita mitaani. Nao ulichota maji ya mto uleule wa Elbe, tena chini ya pale Hamburg ilipomwaga majitaka yake. Hata hivyo watu wake walinusurika kwa wingi. Siri ilikuwa mchanga. Altona ilichuja maji kwa kuyapitisha mchangani, ilhali Hamburg iliyasambaza kama yalivyotoka mtoni, maana wakubwa wake walikuwa wamevutana miaka mingi juu ya gharama za mtambo. Dawa ilikuwa ng'ambo ya barabara! Mtambo wa kuchuja ulianza kazi Hamburg mwaka 1893, maziko yakiwa yamekwisha.

Wazo lililosafiri mbali zaidi, kwa hesabu yangu, ni la mabasi yenye njia yake. Curitiba, Brazili, ilianza mwaka 1974. Bogotá, Kolombia, ikaiga mwaka 2000 na kupanua. Dar es Salaam ikajifunza kutoka Bogotá, na mwaka 2016 mabasi yake ya mwendokasi yakaanza kubeba abiria. Miaka miwili baadaye Dar ikawa mji wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Usafiri Endelevu. Ilistahili, kwa sababu kila saa inayopungua kwenye foleni ni moshi usioingia kifuani. Lakini abiria wanaosongamana vituoni jioni wanastahili mabasi zaidi, na hilo pia ni sehemu ya somo.

Jumapili yenye afya kuliko zote ni ya Bogotá. Tangu miaka ya 1970 mji huo hufunga barabara kwa magari, sasa zaidi ya kilomita 120, ili watu watembee, wakimbie na waendeshe baiskeli. Kigali ilianza siku yake isiyo na magari mwaka 2016, ikaongeza jambo ninalolipenda sana: anayekuja kukimbia hupimwa sukari na presha bure.

Na kazi ya bei nafuu inayonigusa kuliko zote imefanyika nje ya shule za msingi za Dar es Salaam, ambako watoto walikuwa wakigongwa wakienda darasani. Shirika la Amend lilipita shule kwa shule likiuliza watoto wanavuka wapi, kisha pakawekwa matuta, vivuko, alama na njia za waenda kwa miguu. Majeraha yalipungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kwanza ya miji ya WRI Ross, na miji mingine ya Afrika imekwisha kuuchukua. Shule iliyo kando ya barabara kuu Mombasa au Bujumbura inaweza kuanza na matuta mawili.