Betri Ndogo Inayolinda Saa

Kituku ni soko na bandari kando ya Ziwa Kivu, katika mji wa Goma. Mashua huleta hapo mihogo, ndizi, maharagwe na samaki. Penye biashara nyingi pana hati nyingi, na siku hizi hati nyingi huandikwa kwa kompyuta.

Tuseme mama mmoja amekopesha vikapu vya sambaza mwaka 2025. Mwandishi akaiacha kompyuta iweke tarehe yenyewe, nayo ikaweka mwaka 2009. Siku ya kudai, mdeni atasema: «Hati hii ni ya zamani, si deni langu.» Mama atajibu nini? Mwandishi hakukusudia kudanganya, lakini hati yake imesema uongo. Na chanzo chake chaweza kuwa betri iliyo ndogo kama kifungo cha koti.

1. Kazi ya betri hiyo

Ndani ya kompyuta mna ubao mkuu, na juu yake mna saa. Saa hiyo huhesabu kwa msaada wa kipande kidogo cha jiwe liitwalo kwatsi. Umeme ukikipita, kipande hicho hutetemeka mara 32,768 kila sekunde. Kwa nini hesabu hiyo? Igawanyeni kwa 2, kisha tena kwa 2, mpaka mara 15. Mtapata 1. Ndivyo saa inavyopata sekunde moja.

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilianza kuuza kompyuta yake iitwayo PC. Haikuwa na saa ya namna hii. Kila ilipowashwa, mtu aliandika tarehe kwa mkono wake. Mwaka 1984 ikatokea PC AT, yenye saa na betri ya kuilinda.

Kompyuta ya mezani ikiwa imeunganishwa na umeme, saa hutumia umeme huo. Umeme ukikatika, saa hutumia betri. Kwa hiyo mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, betri huchoka upesi zaidi.

2. Dalili za kuchoka

Kila asubuhi tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Kompyuta inaonyesha onyo inapowashwa. Intaneti nayo hukataa kurasa nyingi, maana hati zake za usalama zina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mtu asiyejua hudhani mashini yote imekufa, kumbe imepungukiwa na kitu kidogo tu.

3. Namna ya kuibadilisha

Kwanza, zima kompyuta na kuchomoa waya wa umeme. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa kitambo kidogo, ili umeme uliobaki uishe.

Pili, fungua sanduku kwa bisibisi. Gusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa ubao. Mwili wa mtu huweza kubeba umeme kidogo. Mtu hausikii, lakini waweza kuharibu ubao.

Tatu, itafute betri na kusoma jina lake. Mara nyingi ni CR2032. Namba 20 ni upana wake, milimita 20. Namba 32 ni unene wake, milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Nunua yenye jina lilelile, maana CR2025 ina upana huohuo, lakini ni nyembamba.

Nne, angalia upande wenye alama ya +. Kwa kawaida huwa juu. Sukuma polepole kibanio cha pembeni, na betri itainuka. Tia mpya kama ile ya kwanza ilivyokaa.

Tano, funga sanduku, washa, na uweke tarehe na saa. Angalia vema: Kinshasa ikiwa saa sita mchana, Goma ni saa saba. Ukichagua saa ya Kinshasa, utachelewa saa nzima.

Katika kompyuta za kubeba, betri hii pengine hushikwa kwa nyaya au kwa risasi. Hiyo aachiwe fundi.

4. Hatari ya betri kuukuu

Betri iliyoshindwa kuendesha saa haikufa kabisa. Nguvu iliyobaki yaweza kumdhuru mtoto. Akiimeza ikakwama kooni, mate na umeme hutengeneza maji makali yanayounguza nyama ya koo. Saa mbili tu zaweza kutosha kumjeruhi vibaya, hata kumwua baadaye. Basi apelekwe hospitali mara moja, hata kama anacheza na kucheka. Asitapishwe.

Kwa sababu hiyo, betri kuukuu isiachwe mezani wala kutupwa sokoni au ziwani. Ifungwe kwa utepe wa kunata pande zote mbili, iwekwe katika chombo chenye kifuniko, juu, mbali na watoto, mpaka apatikane mtu anayekusanya takataka za namna hiyo. Fundi mwema hamalizi kazi kwa kutia betri mpya. Humaliza anapoiweka salama ile ya zamani.

Maswali

1. Kwa nini hati ya mama ilikuwa na tarehe ya uongo?
2. Namba 2032 yatuambia nini?
3. Utafanya nini mdogo wako akimeza betri?