Mgongo wa Mwendesha Kabaza

Ndugu msomaji, kama unaendesha baiskeli kila siku hapa Dzaleka, makala hii ni yako. Unaweza kuiita kinga, ikinga, igare, au njinga kama wanavyosema wenyeji wetu Wachewa. Mgongo hauulizi jina.

Nianze na jirani yangu mmoja, ambaye amenikubalia nieleze habari zake bila kumtaja. Ni baba wa watoto wanne. Anabeba abiria na mizigo kwa baiskeli, asubuhi watu, mchana magunia ya mahindi ya kwenda mashineni. Siku moja nilimkuta amesimama nje ya nyumba yake, ameshika ukuta, hawezi kuinama kufunga viatu. Mimi kama mhudumu wa afya wa kujitolea nikamwambia: "Papa, pumzika wiki mbili." Akanitazama, akacheka kidogo. "Mwanangu, ukiniletea unga wa wiki mbili, nitalala hata mwezi."

Niliona haya. Nilikuwa nimemwambia jambo asiloweza kulifanya. Tena nilipokwenda kumwuliza mkubwa wangu wa kazi, nikaambiwa kwamba ushauri wenyewe haukuwa sahihi. Kulala kitandani siku nyingi hakuponyi kiuno, bali hudhoofisha misuli, na mtu anachelewa kupona. Kwa hiyo swali si jinsi ya kuacha baiskeli. Swali ni jinsi ya kuiendesha bila kujiumiza.

Je, maumivu yanatoka wapi?

Ukiwa juu ya baiskeli, misuli ya kiuno inashikilia kifua na mikono yako muda wote, hata kama husikii. Ukiinama mno kufuata usukani, au ukijikunja kwa sababu kiti kiko chini, misuli hiyo haipati nafasi ya kulegea. Ongeza mashimo ya barabara, na abiria nyuma anayeyumba huku na huku. Baada ya kilomita nyingi misuli huchoka, halafu hukaza na kuuma. Mara nyingi hakuna mfupa uliovunjika wala pingili iliyohama, ingawa maumivu yanaweza kuwa makali kiasi cha kumtoa mwanaume machozi.

Sasa turudi kwa jirani yangu. Nilimwomba apande baiskeli yake, mimi nikaishikilia. Magoti yake yalikuwa yakikaribia kugusa usukani! Baiskeli aliinunua kwa mtu mfupi, naye ni mrefu. Kwa muda wote huo hakuwahi kupandisha kiti. Kwa nini? Nati ilikuwa imeliwa na kutu, na fundi mmoja alimwambia haifunguki.

Pima kiti chako leo

Huhitaji mashine. Egemea ukuta ukiwa umekaa kwenye kiti, au mtu akushikie baiskeli. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke karibu kabisa. Halafu weka sehemu pana ya wayo, ile iliyo nyuma ya vidole, kama unavyokanyaga siku zote. Hapo goti litakuwa limepinda kidogo tu, na hicho ndicho kimo chako.

Kiti kikiwa chini, unajikunja na magoti yanaumia. Lakini usikimbilie kukipandisha mno. Kikiwa juu kupita kiasi, makalio yanacheza kulia na kushoto kila unapokanyaga, na kiuno kinasagika. Mwambie mwenzako akutazame kwa nyuma ukiendesha. Akiona makalio yanayumba, shusha kidogo. Pia bomba la kiti lisitoke lote. Kama lina alama ya mwisho, usiivuke, na kama halina, acha angalau vidole vinne ndani ya fremu, la sivyo siku moja litakatika ukiwa kwenye mteremko.

Kiti kilale sawa. Kikiinuka mbele, kinakusukuma nyuma nawe unajipinda kukikwepa. Pua ya kiti ikishuka kidogo sana, wengi huona nafuu ya kiuno. Ikishuka zaidi utateleza, na mikono itachoka.

Halafu usukani. Viwiko viwe vimelegea, si vimenyooka kama fimbo. Kama unajinyoosha sana kuufikia, sogeza kiti mbele kidogo, au legeza nati ya shingo ya usukani na kuupandisha. Hapa naomba uwe mwangalifu. Shingo nayo ina kikomo chake, na baiskeli nyingi tulizo nazo zina breki za vyuma vilivyounganishwa na usukani. Ukipandisha usukani, breki hubadilika. Zirekebishe na kuzijaribu mahali tambarare kabla hujabeba mtoto wa mtu.

Ile nati ya jirani yangu tuliimwagia mafuta ya taa jioni, tukaiacha ilale nayo. Asubuhi ilifunguka kwa spana ya kawaida.

Mzigo

Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Madumu manne ni kilo 80, yaani mtu mzima. Ni wengi wanaoyafunga yote juu ya keria kwa kurundika, kisha baiskeli inainuka mbele, nao wanapigana na usukani njia nzima kwa kiuno. Mzigo ukae chini na uwe sawa pande zote mbili. Kama unabeba moja tu, lifunge katikati.

Kwa maoni yangu, watu wengi zaidi huumia wakati wa kupakia kuliko wakati wa kuendesha. Gunia la kilo 50 ni la watu wawili. Simameni karibu nalo, pindeni magoti, liwe karibu na tumbo, na mkitaka kugeuka geukeni kwa miguu, msijisokote kiuno. Najua kuna vijana watakaonicheka hapa. Wacheke, lakini wamwite mwenzao.

Kilima kikikushinda, shuka usukume. Abiria naye ashuke. Baiskeli zetu hazina gia, na kule barabara ya Dowa milima si ya mchezo. Kusimama juu ya pedali na kuvuta usukani huku umebeba mtu ni kukipa kiuno kazi ya ng'ombe.

Kila ukimaliza safari, kabla ya kumtafuta abiria mwingine, simama, weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma polepole mara tano. Haichukui hata dakika moja.

Maumivu yakishaanza

Punguza mizigo mizito kwa siku chache, lakini endelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Joto husaidia. Tia maji ya moto kwenye chupa inayofunga vizuri, izungushie kitambaa, uiweke kiunoni dakika 15 au 20. Isiguse ngozi moja kwa moja.

Mazoezi ninayowafundisha watu mtaani ni matatu, juu ya mkeka. La kwanza, lala chali, vuta goti moja kuelekea kifuani, hesabu mpaka 10, kisha la pili. Zoezi linalofuata, ukiwa bado chali, pinda magoti na nyayo ziwe chini, inua makalio, hesabu mpaka tano, shusha. Hilo huimarisha misuli inayokusaidia barabarani. La mwisho, piga magoti na mikono kama mtoto anayetambaa, inua mgongo kama paka aliyekasirika, kisha uulegeze. Fanya kila moja mara 10, asubuhi na jioni. Kama zoezi linapeleka maumivu chini mguuni, liache.

Sasa vidonge. Jirani yangu alikuwa akinunua diklofenaki sokoni na kumeza kila asubuhi kabla ya kutoka, bila kula. Alianza kuungua tumbo. Ndugu msomaji, diklofenaki na ibuprofeni ni dawa nzuri kwa siku chache, baada ya chakula, na si zote mbili pamoja. Zikizidi huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito asizitumie bila kuonana na mganga. Ukiona choo cheusi kama lami, ziache, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wala usidai sindano kana kwamba ndiyo dawa yenye nguvu. Hupiti haraka zaidi kwa sababu umechomwa.

Nenda kituo cha afya bila kungoja

Kama mguu mmoja au yote miwili imekosa nguvu, kama kuna ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, kama mkojo umekataa kutoka au unatoka bila wewe kujua, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku. Ganzi ndogo ya kiti inayoisha ukishuka si hiyo, ila ni alama kwamba kiti kinakubana. Kipime upya, na usimame juu ya pedali mara kwa mara njiani.

Nenda pia kama uliumia kwa kuanguka, kama una homa, au kama maumivu hayapungui hata ukilala. Na ukiwa unakonda, unatoka jasho usiku au una kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, mwambie mganga yote hayo. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo, na mtu akaenda miezi akidhani ni baiskeli. Kina dawa na kinapona kikigunduliwa mapema.

Jirani yangu alirudi barabarani siku ya nne, kwa abiria mmoja mmoja bila magunia. Ilipofika wiki ya sita alikuwa akibeba tena mahindi, akisaidiwa kupakia na kijana wake mkubwa. Bado kiuno kinamkumbusha siku za baridi ya Juni na Julai. Spana yake anaiazima watu. Akikuona umekaa chini kama chura juu ya baiskeli, atakuita.