Helmeti ya sinema kwa bidoni na masizi: ufundi wa kuzeesha kitu kipya

KALIMA, Maniema – Ukitaka kujua jinsi rangi inavyozeeka, tazama baiskeli ya tolekisti iliyoingia Kalima na mzigo. Kwenye usukani, pale mkono unaposhika kutwa nzima, rangi imekwisha na chuma kinang'aa. Kwenye bomba la juu la fremu kamba za mzigo zimechora mistari. Chini, karibu na pedeli, vumbi jekundu limeganda pamoja na mafuta ya mnyororo hadi limegeuka jeusi. Lakini kuna sehemu moja ndogo, mahali ambapo hakuna kinachogusa, na hapo rangi ya kiwandani bado iko kama siku iliponunuliwa.

Baiskeli hiyo ilihitaji miaka kuwa hivyo. Kijana anayetengeneza helmeti ya sinema nyumbani kwao, ile ambayo sisi wa Maniema tumezoea kuiita kaske, ana siku tatu au nne tu. Anataka kichwa cha mwanajeshi wa anga za mbali, kilichopigwa, kilichoanguka, kilichonyeshewa, na malighafi yake ni bidoni la mafuta ya kula. Kuunda umbo si shida kubwa. Shida ni rangi, kwa sababu kitu kipya kilichopakwa rangi nzuri kikipigwa picha kinaonekana kama kilivyo: bidoni lililopakwa rangi.

Watu wa sinema walilijua hili zamani. George Lucas alipotengeneza filamu ya kwanza ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, hakutaka dunia safi inayong'aa kama katika filamu nyingi za anga za wakati ule. Roboti zilipakwa uchafu, kuta za vyombo zikawa na masizi. Miaka mitatu baadaye, katika The Empire Strikes Back, alitokea mwindaji wa watu anayeitwa Boba Fett, ambaye husema maneno machache mno. Mavazi yake yalianza yakiwa meupe kabisa. Msanii Joe Johnston ndiye aliyeyapaka rangi upya: kijani kilichochubuka, fedha ikichungulia chini yake, na bonde moja kwenye paji la helmeti. Mtazamaji haambiwi kitu juu ya vita alivyopigana mtu huyo. Anavisoma kwenye kofia.

Tangu hapo, kunakili helmeti za filamu kumekuwa shughuli ya maelfu ya watu. Chama cha kujitolea kiitwacho 501st Legion, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1997, huwakusanya watu wanaojitengenezea mavazi ya Star Wars na kuyavaa kwenye shughuli za hisani, zikiwemo ziara za watoto hospitalini. Wao wananunua rangi maalumu na mashine za kupulizia. Kwetu, kazi hiyo hiyo inawezekana kwa vitu vya sokoni, mradi ujue mpangilio wake.

Tabaka juu ya tabaka

Kosa la kwanza hutokea kabla ya brashi kuguswa. Plastiki ya bidoni haishiki rangi. Unaweza kuipaka vizuri, ikakauka, halafu kesho yake ikabanduka kama ganda la ndizi. Lazima uoshe mafuta yote kwa sabuni, ukwaruze uso mzima kwa msasa, kisha ikiwezekana uufunike kwa vipande vya kitambaa chembamba au karatasi vilivyolowekwa gundi. Kitambaa kikikauka unakuwa na uso unaonywa rangi. Wenye katoni na uji wa mihogo wana afadhali hapa, maana karatasi hushika rangi bila ugomvi, ila lazima ikauke hadi ndani. Katika unyevu wa msitu wetu hilo si jambo la mchana mmoja.

Baada ya hapo unapiga msasa tena, mkavu kwanza na mlaini mwishoni, na mashimo unayaziba kwa mastiki. Watu wengi huchoka hapa. Wanasema rangi itafunika. Rangi haifuniki kitu. Ikipigwa na jua la saa nane inaonyesha kila mkunjo.

Sasa siri yenyewe: anza na kile kitakachoonekana mwisho. Helmeti nzima ipakwe rangi ya fedha, ile inayopakwa kwenye mageti. Iache ikauke siku nzima, au mbili kama mvua inanyesha. Kisha chukua dawa ya meno na uipake kwa kidole mahali ambapo ungependa rangi iwe imechubuka: kwenye ukingo wa chini, kwenye kona, juu ya utosi. Ukitaka vidoa vidogo visivyo na mpangilio, lowesha sehemu hiyo kwa maji na unyunyize chumvi ya mawe. Juu ya vyote hivyo paka rangi ya nje, tuseme kijani. Ikikauka, osha na usugue polepole. Dawa ya meno inatoka na kijani kilichokuwa juu yake, chumvi inapukutika, na fedha inatokea chini, na ukingo wa mchubuko unakuwa na unene wa kweli ambao brashi haiwezi kuuchora.

Uchafu unafuata. Changanya masizi ya sufuria na maji na tone la sabuni, paka helmeti nzima, subiri kidogo, kisha futa kwa kitambaa kuanzia juu kwenda chini. Kwa nini chini? Kwa sababu mvua haipandi. Masizi yanabaki kwenye mifereji na pembe, na michirizi inashuka kama ilivyo kwenye ukuta wa nyumba yoyote isiyo na mfereji wa paa. Wengine hutumia rangi nyeusi iliyoyeyushwa kwa tina, lakini wajihadhari: juu ya rangi ya mafuta, tina hula kazi yote ya jana. Maji juu ya mafuta ni salama zaidi. Vumbi letu jekundu, likikung'utwa kupitia kitambaa na kushikizwa kwa vanishi isiyong'aa, linamaliza kazi bila gharama.

Ukiwa na brashi karibu kavu, iliyopanguswa kwenye gazeti hadi ikabaki na rangi kidogo sana ya fedha, pitisha juu ya kingo tu. Halafu weka brashi chini. Nimeona picha nyingi za kazi za namna hii mtandaoni, na kinachoziharibu mara nyingi ni kuzidisha: kila mahali pamechubuka sawasawa, kama mtu aliyeanguka kwa pande zote kwa wakati mmoja. Na kutu ina sheria yake. Mchubuko wa leo unang'aa, wa mwaka jana una kutu. Ukivichanganya ndani ya mkwaruzo mmoja, jicho linakataa hata kama mwenye jicho hajui sababu. Ndiyo maana nilianza na baiskeli.

Kinshasa, Kampala na lehemu ya Kalima

Hatuhitaji kwenda Marekani kuwapata mabingwa. Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana na kampuni yake ya Ramon Film Productions walitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Silaha kubwa za filamu hizo huundwa na Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu. Huko, uchakavu ni wa bure: chuma kinakuja kikiwa tayari kimezeeka.

Kinshasa ndiko jambo hili linapotugusa sisi wa Kalima zaidi. Mwaka 2013 Michel Ekeba na Eléonore Hellio walianzisha kundi la Kongo Astronauts. Ekeba hupita mitaani ndani ya vazi la mwanaanga lililojaa sakiti za simu, redio na kompyuta zilizokufa. Filamu ya Neptune Frost ya mwaka 2021, iliyopigwa Rwanda na ambamo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazosikika, ilifanya jambo la jamaa hiyo: mbunifu Cedric Mizero aliwavika waigizaji nyaya na mabaki ya kompyuta, katika hadithi inayoanzia kwenye mgodi wa koltani.

Sakiti hizo zimeunganishwa kwa lehemu, na lehemu ya vifaa vingi vya siku hizi ni bati kwa zaidi ya asilimia 95. Kalima ni mji wa bati. Uliishi kwa kasiterite enzi za Symétain, ukaendelea chini ya SOMINKI kuanzia mwaka 1976, ukaumizwa na kuporomoka kwa bei ya bati duniani mwaka 1985, na leo jina ni SAKIMA. Bati haibebi jina la kijiji ilikochimbwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuonyesha tone moja kwenye vazi la Ekeba na kusema hili ni letu. Lakini kijana wa hapa anayebandika sakiti mbovu ya redio ubavuni mwa helmeti yake haazimi kitu cha kigeni.

Uzee wa kweli na uzee wa kuuzia

Kuna upande mwingine wa ufundi huu, na Maniema inaujua kwa uchungu. Kalima iko Pangi, nchi ya Walega, na Walega walikuwa na Bwami, chama cha ngazi kwa ngazi ambacho vyombo vyake vilisambaa duniani. Vinyago vya lukwakongo, vidogo, vyenye ndevu za nyuzi, vilipakwa udongo mweupe. Si lazima vivaliwe usoni. Vilishikwa mkononi, vikatundikwa kwenye uzio, vikaburutwa kwa ndevu. Sanamu za pembe zilipakwa mafuta na kupitishwa mikononi, kutoka kwa mwenye cheo hadi mrithi wake, hadi pembe ikawa ya rangi ya asali. Rangi hiyo ilikuwa hesabu ya watu waliokwisha kuishika.

Utawala wa Kibelgiji ulipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Mtafiti Daniel Biebuyck alipofanya kazi kati ya Walega mwaka 1952 hadi 1954, aliandika juu ya kitu kilichokuwa kimebanwa tayari. Vyombo vikaenda Ulaya na Marekani. Mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa sanaa ya Walega alikuwa Jay Last, ambaye mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wanane wa Fairchild Semiconductor, kampuni iliyofungua njia ya sakiti tunazozitupa leo. Mkusanyo wake uko katika jumba la makumbusho la Fowler, Los Angeles.

Wanunuzi walipotaka vya zamani tu, soko likajifunza kutengeneza vya zamani. Moshi wa jikoni, chai kali, mafuta, kuzikwa ardhini msimu mmoja, kuachiwa mchwa kidogo: mbinu ni zile zile za helmeti yetu. Tofauti iko kwenye kinachosemwa wakati wa kukabidhi. Mtu wa sinema anamwonyesha mtazamaji mchezo, na mtazamaji anajua. Muuza kinyago anamwambia mnunuzi kwamba babu fulani alikishika. Madhara hayamwishii tajiri wa Brussels aliyelipa bure. Kila cha uongo kinachoingia sokoni kinakifanya cha kweli kitiliwe shaka, na mchongaji wa leo anayejua kazi analazimika kujificha nyuma ya marehemu ili auze.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani, tahadhari mbili. Rangi za kupuliza na tina zitumike nje, mbali na moto na watoto. Na katika mashariki ya nchi yetu, ambako raia haruhusiwi kuvaa mavazi ya jeshi, helmeti isifanane na ya askari yeyote anayeweza kukutana nawe barabarani. Chagua umbo ambalo hata kwa mbali, jioni, linaonekana ni la sinema, na ulibebe ndani ya mfuko hadi mahali pa kupiga picha.

Kabla ya vanishi ya mwisho, geuza helmeti. Ndani, pale ambapo kamera haifiki, andika jina lako na mwaka kwa rangi isiyofutika.