Lango la Mwanga: Polima za Kikaboni na Adui Wake Joto

Usiku usio na mbalamwezi, ziwa lililo mbele ya bandari ya Kalundu, kusini mwa mji wa Uvira, hujaa taa. Wavuvi wa ndagala huziwasha ili kuwavuta samaki juu. Mwezi unapokuwa mpevu kazi hiyo hulala, kwa kuwa taa haitofautiani tena na mwanga ulioenea ziwani kote. Mvuvi anayetaka kumpa ishara mwenzake aliye mbali anaweza kuikinga taa yake kwa kibao na kuiachia, kuikinga na kuiachia. Taa haizimwi wala haiwashwi upya. Kinachobadilika ni kile kilichosimama mbele yake. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika katika mawasiliano ya masafa marefu kwa nyuzi za kioo. Makala haya yanakusudia kueleza habari za kibao hicho: hutengenezwa kwa kitu gani, na kwa nini joto ni adui yake.

Nyaya za baharini zilizofika Mombasa na Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, hubeba mwanga wa leza. Ndani ya kioo mwanga huo hukata kilomita 1,000 katika muda wa sehemu 5 hivi za elfu za sekunde, kwa hiyo mwendo wenyewe si tatizo. Wingi wa habari huamuliwa zaidi na lango lililo mwanzoni mwa uzi, ambapo umeme huuamrisha mwanga upite au usipite, mara mabilioni kwa kila sekunde.

Lango hilo halina kipande kinachofunguka. Mwanga hugawanywa katika njia mbili, kisha huunganishwa tena. Umeme ukitiwa kwenye njia mojawapo, mwanga wa huko hucheleweshwa kidogo. Kilele cha wimbi moja kikikutana na bonde la jingine, yote mawili hufutana, na giza huwa ndiyo ishara. Tabia ya baadhi ya fuwele kuubadili mwendo wa mwanga kwa kadiri ya umeme zinaotiwa ilichunguzwa na Mjerumani Friedrich Pockels mwaka 1893, na kwa miaka mingi fuwele iliyotegemewa ni lithiamu niobeti. Fuwele hiyo ni imara, lakini ina kasoro. Sehemu kubwa ya athari yake hutokana na atomu zenyewe kusogezwa, na tena wimbi la umeme huenda polepole ndani yake kuliko mwanga, likaachwa nyuma ya kile linachopaswa kukiamrisha.

Ndipo zinapoingia polima za kikaboni. (Neno hili lisichanganywe na kilimo kisichotumia kemikali, hapa maana yake ni vitu vilivyojengwa juu ya atomu za kaboni, na baadhi yake ni jamaa wa rangi za viwandani. Mojawapo iliyochunguzwa mapema, Disperse Red 1, ni rangi ya kutilia nguo.) Molekuli inayofaa ni ndefu: ncha moja hutoa elektroni, ncha nyingine huzipokea, na katikati pana daraja. Umeme ukija, zinazosogea ni elektroni tu, ambazo ni nyepesi mno kuliko atomu. Isitoshe, ndani ya polima umeme na mwanga huenda kwa mwendo unaokaribiana. Kwa sababu hiyo, mwaka 1997 watafiti wa Marekani waliweza kuonyesha lango la polima lililofanya kazi hadi gigahezi 110.

Ugumu uko kwenye mpangilio. Molekuli zikitazama kila upande, athari zake hubatilishana. Hupangwa hivi: polima hupashwa moto hadi ilegee, hutiwa umeme mkali, yapata volti 100 kwa kila maikromita ya unene, nazo molekuli hugeukia upande mmoja, kisha hupozwa kabla umeme haujaondolewa. Ni kama vijiti ndani ya nta: nta ikiganda, vijiti vimekamatwa. Lakini nta hukumbuka njia ya kulegea. Vifaa vya mawasiliano kwa kawaida hujaribiwa kwenye nyuzijoto 85 za Sentigredi kwa saa 2,000, na polima za awali zilianza kupoteza mpangilio kabla ya hapo. Aidha, molekuli zenyewe huvutana na kupenda kulala kichwa kwa mkia. Kuziongeza kupita kiasi huidhoofisha athari badala ya kuizidisha.

Dawa ya tatizo hili la pili ilikuwa umbo. Mwaka 2000 kundi la Larry Dalton na wenzake lilieleza kwamba molekuli zikivikwa matawi ya pembeni, zikawa za mviringo kuliko ndefu, hazisogeleani mno. Lango lao lilitumia chini ya volti moja. Nguvu ya umeme inayoliwa hufuata mraba wa volti, hivyo kushuka kutoka volti 4 hadi 1 hupunguza matumizi mara 16. Kwa mji kama Uvira, unaotegemea mitambo ya Mto Ruzizi, hilo si jambo dogo.

Tatizo la joto lilikabiliwa kwa kuzifunga molekuli kwenye minyororo ya polima, na minyororo yenyewe kwa yenyewe, baada ya kupangwa. Hapo kuna mtego: polima isiyolegea upesi hudai moto mkali zaidi wakati wa kuipanga, na moto huohuo unaweza kuiunguza rangi. Oksijeni nayo huiharibu rangi iliyo kwenye mwanga, kwa hiyo kifaa hufungwa kisipitishe hewa.

Fuwele ya zamani haikukaa kimya. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha lango la utando mwembamba wa lithiamu niobeti linaloweza kuendeshwa na volti ndogo za saketi za kompyuta, na fuwele hiyo haipotezi mpangilio wake hata kwenye nyuzijoto 1,000. Polima inajitetea kwa udogo: malango yaliyoundwa ETH Zürich kwa kuzitia molekuli hizi katika ufa mwembamba wa metali yana urefu wa maikromita makumi machache tu, ilhali yale ya fuwele hupimwa kwa milimita.